Bobi wa Bigwa: kisa cha teria chotara aliyehukumiwa kuwa mkaidi

Bobi ni teria chotara (teria ni jamii ya mbwa wadogo waliozalishwa kwa uwindaji), dume wa miaka mitano, uzito wa kilo saba na nusu, anayeishi Bigwa, Manispaa ya Morogoro, kwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nyumba ina watu watatu: Mwalimu mwenyewe, mjukuu wake wa kiume wa miaka tisa, na dada anayesaidia kazi. Uani kuna stoo ya mahindi. Ng'ambo ya ukuta yupo jirani, mzee mfugaji wa kuku wa kienyeji. Mbwa aliachwa na familia ya wageni iliyomaliza mkataba na kurudi kwao. Walimkabidhi pamoja na bakuli, kamba na kadi ya chanjo, wakasema ni mbwa mzuri na anapenda watoto, wakaondoka.

Miezi michache baadaye Mwalimu alifika kwenye kliniki yangu ya mifugo akiwa ameshaamua: alitaka mbwa achomwe sindano ya kufa. Bobi alikuwa anabweka usiku kucha huku akiangalia juu. Alikuwa amechimba chini ya ukuta mpaka msingi ukaanza kuonekana. Alikuwa ameua tetea wa jirani. Na asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa amemng'ata mjukuu kidoleni. Mtaani walishamaliza kesi: kimbwa kidogo, roho mbaya.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila mara napokea mbwa wa namna hii, na wengi wao wako mikononi mwa watu waliokulia kwenye nyumba zenye mbwa wa kulinda. Mbwa wa kulinda anatakiwa alale mchana, abweke mgeni akifika, anyamaze akikaripiwa. Teria akiwekwa kwenye mizani hiyo hushindwa kila kipengele, kisha huitwa mkaidi. Bobi alikuwa anasomeka tangu wiki ya kwanza, ila hakuna aliyekuwa amekaa kumsoma.

Jeraha la mtoto

Kabla ya habari za tabia, jeraha. Chanjo ya mwisho ya kichaa cha mbwa kwenye kadi ya Bobi ilikuwa imepita zaidi ya mwaka mmoja. Katika hali hiyo hakuna cha kusubiri. Kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama alama ya jino ni ndogo kiasi gani. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na karibu vifo vyote vya watu kwa ugonjwa huu duniani vinatokana na mbwa. Dada wa nyumbani alikuwa amelisikia jambo hili redioni. Alimshika mtoto mkono, akampeleka bombani, akamwosha kwa sabuni ya kipande huku mtoto analia kwamba maji ni ya baridi, na hakumwachia mpaka muda ulipotimia. Katika kisa chote, hicho ndicho kitendo ninachokiheshimu zaidi. Hospitali wakamwanzishia mtoto chanjo.

Kwa upande wa mbwa, utaratibu ni kumweka chini ya uangalizi kwa siku 10. Mbwa ambaye virusi vimeshafika kwenye mate yake huugua waziwazi na kufa ndani ya muda huo. Akiwa mzima baada ya siku kumi, hakuwa anaambukiza siku aliyong'ata. Kwa hiyo nilimwambia Mwalimu kwamba sindano aliyoitaka ingetunyima jibu ambalo mjukuu wake analihitaji. Alikubali kumrudisha mbwa nyumbani, afungwe sehemu salama, aangaliwe kila siku. Na kwa kuwa alilazimika kumwangalia, nikamwomba aandike anachokiona.

Daftari la Mwalimu

Alinunua daftari la mistari, akalichora safu nne kwa rula: saa, kilichotangulia, alichofanya mbwa, kilichofuata. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba wasiandike sifa. Kusiwe na “mkaidi”, “ana hasira” wala “ana kisirani”. Kiandikwe kile tu ambacho jicho limeona na sikio limesikia. Mwalimu amesahihisha insha za darasa la saba kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na sharti hilo lilimkaa vizuri. Dada alipoandika kwamba mbwa alikuwa na hasira, Mwalimu aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu na kumwuliza: hiyo hasira umeiona wapi, kwenye masikio, kwenye mkia, au mdomoni? Dada akarudi kutazama. Kesho yake aliandika kwamba mbwa alisimama ghafla bila kutikisika, mdomo ukafungwa, na weupe wa jicho ukaonekana pembeni. Mtu akiweza kuandika hivyo, ameanza kumjua mbwa.

Daftari lilituonyesha kwanza jinsi mbwa anavyokaa. Bobi alikuwa anafungiwa bandani kuanzia asubuhi hadi saa mbili usiku, kama mbwa wengi wa mtaani pale. Usiku anafunguliwa ili alinde, na getini kuna kibao cha “Mbwa Mkali”. Chakula chake kilikuwa ugali wa dona na mchuzi wa dagaa, mara moja kwa siku. Hakuwahi kutembezwa. Kamba waliyoiacha wageni ilikuwa imetundikwa msumarini.

Kisha ikaonekana mifano mitatu inayojirudia. Kubweka kulianza karibu saa tatu usiku, na kila mara mbwa alikuwa amesimama pembe moja ya stoo, kichwa kimeinamia upande, anatazama boriti. Baada ya hapo alikimbia moja kwa moja hadi mahali pamoja ukutani na kuanza kuchimba. Mahali pamoja, kila usiku. Kuhusu kunguruma, kuliandikwa mara kadhaa, na kila mara mtu alikuwa anamnyanyua. Na kukauka kule alikokuona dada kulitokea tu mbwa akiwa na kitu mdomoni au chini ya mguu wa mbele.

Kwangu, kisichoandikwa kilikuwa na uzito sawa na kilichoandikwa. Ndani ya siku zote hizo Bobi hakumfuata mtu kumng'ata. Wageni walipoingia alibweka, akawanusa viatu, akaondoka. Mtoto alipocheza mpira uani mbwa alilala nyavuni mwa banda akimfuata kwa macho, mkia unapiga sakafu. Mbwa mwenye roho mbaya angejaza daftari kwa namna nyingine.

Usiku wa nne mjukuu alimulika boriti kwa tochi ya simu pale Bobi alipokuwa anatazama, na akaona mikia. Panya. Asubuhi Mwalimu akachungulia kwenye shimo lililochimbwa ukutani, akakuta njia ya panya inayotoka upande wa banda la kuku la jirani, inapita chini ya msingi na kuingia stoo. Morogoro inafahamika kwa panya shamba. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimewafanyia utafiti kwa miongo mingi, na inajulikana kwamba huzaliana kwa wingi baada ya mvua. Mahindi yalikuwa yameingia stoo. Mbwa alikuwa anaitaarifu nyumba kila usiku kwamba inaibiwa, na kila usiku alirushiwa kandambili.

Ndevu zinasema nini

Kila aliyemwona Bobi aliuliza ni mbwa gani. Ana manyoya magumu yasiyolala, meupe yenye mabaka ya kahawia, ndevu na nyusi ndefu, sikio moja limesimama na jingine limekunjika. Wageni waliomwacha walisema ni mchanganyiko wa Jack Russell, aina moja ya teria mdogo. Huenda. Ila kuna jambo ambalo wafugaji wachache hulifahamu: ndevu na nyusi za namna ile zinatokana na jeni (kinasaba) moja. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba tofauti nyingi za manyoya ya mbwa, yaani urefu, mawimbi na ndevu, zinaelezwa na jeni tatu tu. Ile ya ndevu inatosha kurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja ili ionekane. Kwa hiyo mbwa anaweza kuwa na sura ya teria kutoka kwa babu wa mbali na asirithi mengine, na mwingine akawa na mwili wa mbwa wa kienyeji kabisa huku akichimba kama teria.

Hata ukijua aina, inakueleza kidogo kuhusu mbwa huyu mmoja. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Zilizobaki zinatoka kwingine: malezi, umri, afya, mazingira, na namna jeni zinavyochanganyika kwa kila mmoja. Naipenda takwimu hii kwa sababu inawanyang'anya watu silaha ya kumhukumu mbwa kwa uso wake.

Pamoja na hayo, kazi iliyowaunda teria haikupotea. Kule Uingereza wafugaji walichagua mbwa mdogo anayeweza kuingia shimoni kumfuata mbweha, kupambana naye gizani, na kubweka bila kukoma ili watu walio juu wajue pa kuchimba. Mchungaji John Russell wa Devon, aliyeishi kuanzia 1795 hadi 1883 na ambaye jina lake limebaki kwa mbwa hawa, alipenda walio weupe ili wasidhaniwe kuwa mbweha wakati wa mawindo. Sasa fikiria shimo lile. Chini ya ardhi hakuna bwana wa kutoa amri. Mbwa aliyesubiri kuambiwa la kufanya hakufaa, na hakuzalishwa. Aliyeamua mwenyewe, akashikilia, akabweka palepale, ndiye aliyeacha watoto. Yale matatu aliyolalamikia Mwalimu, kuchimba, kubweka na kutosikia akiitwa, ndiyo yaliyokuwa sifa za ajira.

Kuna jingine. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, walioufanya utafiti wao huko Bar Harbor, Maine, na kuuchapisha mwaka 1965, walilea aina tano za mbwa katika mazingira yanayofanana. Mojawapo ilikuwa basenji, mbwa wa asili ya misitu ya Kongo, na nyingine ilikuwa teria wa mbweha mwenye manyoya magumu. Watoto wa teria ndio waliopigana kupita wenzao. Waliungana kumshambulia mmoja hadi ikabidi watenganishwe. Nililitaja hilo kwa Mwalimu alipouliza kama mbwa wa pili angemtuliza Bobi. Nilimshauri asilete, hasa dume.

Tetea wa jirani

Jirani ni mzee Mwislamu, mtu wa swala tano, na kuku ndio mfuko wake wa dharura. Kwake kero ilikuwa kubwa mara mbili: kuku ameuawa, na mbwa ameingia uani kwake kupitia shimo na kunusa vyombo. Mate ya mbwa yanamlazimu aoshe chombo mara saba, moja kwa udongo. Hakuwa na chuki na mnyama. Alimwambia Mwalimu, “Dada yangu, mfuge, ila asivuke.” Ombi la haki kabisa.

Mwalimu alilipa tetea. Kabla ya hapo walijitokeza washauri. Mmoja alitaka kuku yule aliyekufa afungwe shingoni mwa mbwa mpaka aoze. Mwingine alipendekeza yai la moto mdomoni, dawa inayotajwa sana vijijini kwa mbwa wala mayai. Nilisema hapana kwa yote mawili. Huo ni ukatili, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayoukataza. Mbali na sheria, havifanyi kazi, na sababu iko kwenye mwili wa mbwa mwenyewe.

Uwindaji wa mbwa ni mnyororo: kutazama, kunyemelea, kukimbiza, kukamata, kutikisa, kuua. Mbwa wa kuchunga kondoo ameteuliwa ili aishie kwenye kunyemelea na kukimbiza. Teria alizalishwa ili pingili za mwisho za mnyororo ziwe na nguvu. Tetea anaporuka na kupiga kelele, anawasha mtambo wote kwa sekunde moja, na kutikisa kule kwenyewe kunampa mbwa raha inayozidi adhabu yoyote itakayokuja baadaye. Hakuna hasira ndani yake. Mbwa yuleyule baada ya kuua anaweza kuja kulala miguuni pako kwa upole. Watu huona upole huo wakasema ni unafiki. Sivyo, ni mambo mawili tofauti ndani ya mnyama mmoja.

Kwa hiyo tukaacha kumfundisha Bobi kuhusu kuku, tukashughulikia ukuta. Fundi alifukia waya wa wavu chini ya msingi kwa upande wote unaopakana na jirani, kisha akaukunja uelekee ndani ya ua kiasi cha hatua moja chini ya udongo. Mbwa akichimba karibu na ukuta anakutana na wavu kabla hajafika. Gharama iligawanywa, kwa kuwa jirani naye alikuwa anapoteza vifaranga kwa vicheche. Hakuna kuku mwingine aliyekufa kwa Bobi. Nasisitiza kwamba hajabadilika: akiachwa na kuku leo, ataua leo.

Panya na sumu

Baada ya mikia kuonekana, familia nzima ilifurahi. Suluhisho lilionekana limejileta: mbwa anapenda panya, stoo ina panya, afungiwe humo usiku afanye kazi yake. Mimi nilipinga.

Sababu ya kwanza ni homa ya mgunda. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wake wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Wagonjwa 20 walitajwa na watatu walifariki. Bakteria wake wanakaa kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwa mbele, na mbwa anayekamata panya anaweza kuugua figo na ini, na pia kuwaletea ugonjwa watu wa nyumbani kupitia mkojo wake. Mbwa wana chanjo yake, dozi mbili za mwanzo zinazopishana wiki chache, kisha kila mwaka. Bobi hakuwa nayo. Tulimchanja pamoja na ya kichaa na ya distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ambao nao hakuna mtu wa nchi hii anayepaswa kuudharau: mwaka 1994 ugonjwa huo ulitoka kwa mbwa na kuua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Sababu ya pili ni sumu, na hiyo ilinitia hofu zaidi. Karibu kila nyumba ya mtaani hutega sumu ya panya, na nyingi hununuliwa kwa wachuuzi kwenye vipakiti visivyo na maelezo. Zipo za aina mbili zinazotusumbua kliniki. Moja huzuia damu kuganda. Mbwa akila chambo, au akila panya waliokula chambo, haonyeshi kitu kwa siku tatu hadi tano; kisha unamkuta amechoka, fizi nyeupe, pumzi fupi, anavuja damu ndani kwa ndani. Akiwahiwa, vitamini K1 inamponya. Nyingine ni kali na ya haraka: udenda unamwagika, mboni zinasinyaa, misuli inatetemeka, na ndani ya saa chache amekufa kama hakupata atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo. Maziwa ambayo kila mtu hukimbilia kumnywesha hayazuii yoyote kati ya hizo. Mbwa anayewinda panya katika mtaa wenye sumu anakusanya sumu ya mtaa mzima tumboni mwake.

Mwalimu alikwenda nyumba kwa nyumba kwa majirani wa karibu kuuliza nani ametega nini. Kwake mwenyewe aliondoa sumu yote. Mahindi yalitolewa kwenye magunia ya sakafuni, yakaingizwa kwenye mapipa ya bati yenye vifuniko, na magunia machache yaliyobaki yakapandishwa juu ya vichanja vilivyoachana na ukuta. Matundu chini ya mlango yakazibwa kwa bati. Ikawekwa mitego ya kawaida ya kubana, ndani ya masanduku ambayo pua ya mbwa haiwezi kuingia.

Kubweka kwa usiku kulipungua kadiri panya walivyopungua. Hakuna aliyemfundisha Bobi kunyamaza. Alinyamaza alipokosa cha kutaarifu. Kama ningechagua sehemu moja ya kisa hiki kuwaonyesha wanafunzi wa udaktari wa mifugo, ningechagua hii, kwa sababu tiba ya tabia ya mbwa ilipatikana kwenye mapipa ya mahindi.

Goti

Kunguruma wakati wa kunyanyuliwa kulikuwa na habari yake. Nilimtembeza Bobi uani kwenye sakafu ya saruji na kumtazama kutoka nyuma. Alikwenda vizuri, kisha ghafla akaukunja mguu wa nyuma wa kushoto, akaruka hatua mbili au tatu kwa miguu mitatu, akaunyoosha kwa kuutupa nyuma kidogo, akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mjukuu alisema huwa anafanya hivyo kila siku na wao walidhani anacheza.

Ni kifupa cha gotini kinachoteleza nje ya mfereji wake, hitilafu ya kawaida kwa mbwa wadogo. Hupangwa kwa madaraja manne. La Bobi ni la pili, kinatoka na kurudi chenyewe. Dada alikuwa na mazoea ya kumnyanyua kwa mkono mmoja chini ya kiuno, miguu ya nyuma inaning'inia. Goti lilikuwa linatoka hewani. Mbwa alinguruma, akashushwa haraka, na hivyo akajifunza kwamba kunguruma kunamwokoa. Tulimfundisha dada na mtoto kumwinua kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine ukishika mapaja kwa pamoja, na kama hakuna haja asiinuliwe kabisa. Uzito wake tunaushusha hadi kilo saba. Kunguruma kwa kunyanyuliwa kuliisha kwenye daftari.

Kuhusu kidole cha mtoto, siku ile Bobi alikuwa na mfupa na mjukuu alitaka kumnyang'anya kwa nia njema, akihofia utamkwama kooni. Dalili zote zilikuwepo: mwili umekauka, kichwa kimeshuka juu ya mfupa, jicho linatazama pembeni. Mtoto hakuzijua. Tangu hapo hakuna anayemnyang'anya kitu. Wanabadilishana: mtu anakuja na kipande cha ini lililochemshwa, anakirusha hatua moja pembeni, mbwa anaacha alichonacho, anakula, na mara nyingi anarudishiwa kile cha mwanzo. Mwalimu aliuliza kama huku si kumpa rushwa. Nilimjibu kwamba mbwa anayeamini mkono unaokuja unaleta, hana sababu ya kuulinda mdomo wake. Zoezi hili ni la watu wazima. Mtoto anatakiwa kufanya jambo moja tu: akiona mbwa ana kitu, amwite bibi yake.

Kazi za Bobi sasa

Bandani anafungiwa usiku, mchana yuko huru uani. Asubuhi kabla jua halijawa kali dada au Mwalimu humtembeza kwa kamba kuelekea upande wa milimani, na wanamwacha anuse anachotaka, hata kama ni kichaka kimoja kwa muda mrefu. Mwanzoni Mwalimu aliona ni kupoteza muda, alikuwa anamvuta. Aliacha kumvuta alipoona kwamba mbwa aliyenusa vya kutosha hurudi nyumbani na kulala, na aliyevutwa hurudi na kutafuta pa kuchimba.

Kwenye kona ya ua ana shimo lake, limezungushiwa matofali na kujazwa mchanga. Kila siku dada hufukia humo dagaa wakavu na vipande vya viazi vitamu, na Bobi huvitafuta. Alipochimba kwingine hakukaripiwa. Aliitwa kwenye mchanga na kuonyeshwa kwamba huko kuna kitu. Nusu ya chakula chake sasa hupatikana kwa kutafuta. Kitu anachokipenda kuliko vyote ni kitambaa kilichofungwa kwenye kamba ya mkonge, ambacho mjukuu hukiburuta chini kwa kasi huku mbwa akikikimbiza, akakikamata na kukitikisa mpaka masikio yanampiga usoni. Mchezo una kanuni: kabla ya kuanza mbwa anakaa chini, na mtoto akisimama kama mti, kamba inakufa na mchezo umekwisha. Humo mnyororo wa uwindaji unapata pa kutokea bila kuku wala panya. Mwalimu ameandika kwamba siku zenye mvua, mchezo ukikosekana, kubweka hurudi.

Yapo yaliyoshindikana. Bobi hasikii akiitwa kama amemwona kicheche au paka, na sitegemei atasikia. Nje ya geti hafunguliwi kamba. Bado hapendi kuguswa kucha, na tunazikata kwa awamu, mguu mmoja kwa siku. Mzee jirani amemwomba Mwalimu amwazime mbwa kwa usiku mmoja stoo kwake, na Mwalimu amekataa mpaka aoneshwe kila mahali palipowahi kutegwa sumu, na mbwa awe amemaliza dozi ya pili ya chanjo. Wanaelewana.

Kinachobaki kwangu ni goti na macho. Goti litapimwa tena. Likifika daraja la tatu tutazungumzia upasuaji katika hospitali ya wanyama ya Sokoine. Macho yanahitaji uangalifu zaidi kwa umri wake, kwa kuwa katika koo za teria kuna hitilafu ya kurithi ambapo lenzi hung'oka mahali pake, mara nyingi kati ya miaka mitatu na minane, na shinikizo la ndani ya jicho hupanda haraka kiasi cha kupofusha. Mwalimu ameandika dalili zake ndani ya jalada la daftari: jicho jekundu, ukungu wa buluu, kulifumba kwa maumivu, kukwepa mwanga. Akiona mojawapo atapiga simu saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.